Maji Yaliyonuka

Juzi, kwenye bomba la soko la Katito, mtoto mmoja alimsukumia mama yake kikombe: "Mama, haya maji yananuka!" Nikakumbuka alasiri moja nilipokuwa bado mwanafunzi.

Alasiri ile, kwetu kando ya ziwa, palinuka omena, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa. Mama alitia klorini mtungini, akaniambia, "Akinyi akiamka, mpe haya peke yake."

Nilinusa. Yalinuka kama shati langu la shule likitolewa madoa. Nikadhani yameharibika, nikamhurumia mdogo wangu. Niliyamwaga, nikateka mengine ziwani, yasiyo na harufu. Akinyi akanywa kikombe kizima, akacheka.

Kipindupindu kilimchukua kabla ya Jumapili.

Mpaka leo Mama hataki klorini nyumbani. "Haikumsaidia Akinyi," husema, akiwatekea wajukuu maji ziwani. Sijawahi kumwambia kuwa niliyamwaga.