Boti ya zimamoto nusura imzamishe shemeji yangu

Wallahi leo roho imenifika kooni!

Mnaijua ile boti kongwe ya zimamoto tunayoifufua kwa kujitolea hapa bandarini Mutrah. Fundi mkuu mimi, msibishe.

Khamis, mume wa dada yangu, yuko chini kwenye injini. Mie juu nkafungua valvu, pampu ivute maji ya bahari na kuyarusha, watalii watushangae.

Halikuruka hata tone.

Chini ukelele: "Funga weye! Maji yanifika kiunoni!"

Yarabi! Jana tulisafisha chujio la pampu kule chini, kifuniko chake hatukukirejesha!

Nafunga, valvu imekwama. Mie nlomvuta papa kwa mkono mmoja!

Namwita Khamis, nasikia maji tu yakibubujika.

Mara valvu ikakubali. Akapanda juu karowa chapachapa, hanitazami, akashika njia ya nyumbani.

Jamani, dada nimwambieje kabla mumewe hajafika?