Jiko kubwa lilivyomfukuza Cucu kutoka ndani ya nyumba, Ruiru

Wakuu, niaje. Mimi huwa nasoma tu hapa, kuandika kunanichukua muda. Haya ni ya kweli, muulizeni Cucu, nyanya yangu, ingawa yeye ataongeza matusi.

Tunaishi naye Ruiru, kwenye nyumba ya mawe ya zamani, ya enzi za mashamba ya kahawa. Julai ya mwaka jana alitetemeka hadi akaapa kwamba baridi ikirudi, anahamia kwa shangazi huko Kiganjo.

Cucu akihama, mpishi ni mimi. Ugali wangu hata mbwa aliukataa.

So nikaziba nyumba. Nikapiga dari ya mbao, juu yake nikapanga magunia ya maranda ya mbao, joto lisitoroke. Nyufa za madirisha nikazifunga, nikaacha tundu la hewa, maana sisi si maharagwe ya mkebe.

Halafu nikaenda Thika, Kiandutu, kwa fundi wa majiko ya kuni yenye bomba la moshi.

"Nyumba ni kubwa aje?" akauliza.

Mimi huona haya kuongea. Nikasema tu, "Iko na baridi mbaya."

"Basi beba hii ya pipa. Hata ng'ombe itatoa jasho."

Nikabeba.

Jioni nikaliwasha. Cucu akavua shuka. Akavua sweta. Akavua kitambaa cha kichwa, na hicho sijawahi kuona akikivua.

Nikapunguza kuni, jiko likaanza kutoa moshi kama limetukanwa.

Cucu akabeba kiti, akaenda kukaa nje.

"Cucu, huko ni baridi."

"Najua. Ndiyo nimefuata." Akanitazama. "Wee, hii jiko ulinunulia baridi gani?"

"Ya mwaka jana."

"Na si hiyo ulifungia nje na magunia? Kesho naenda Kiganjo. Huko wananipenda nikiwa mbichi."

Asubuhi alipokuwa akipanga begi, nikarudisha pipa. Safari hii nikajikaza, nikamweleza fundi ukubwa wa chumba, dari na maranda. Akacheka, akanibadilishia na kajiko ka kudharauliwa.

"Hii ni ya kuchezea?" Cucu akauliza. Lakini akavuta kiti karibu, na sweta hakuvua.

Funzo: ziba nyumba kwanza, kisha nunua jiko la nyumba ilivyo sasa, si ilivyokuwa ikikutesa.

Begi bado liko pale, limefungwa. Jioni analiwekea miguu juu akiota moto.

Mwenye kujua jinsi ya kumwomba Cucu afungue begi bila kumkumbusha kuhama, aniandikie hapo chini.