Mpira wa Sekunde Mbili

Goti langu la kushoto halijawahi kuuma. Naandika hili kwanza kwa sababu ndugu zangu wote wa Mlali wanajua vingine. Kwa miaka kumi na mitano nimekuwa nikishuka kwenye bodaboda mbele ya nyumba ya kaka yangu na kuchechemea, kidogo tu, baada ya kujikumbusha njia nzima ni mguu upi. Anayenipokea ni wifi yangu. Ananitolea kiti, ananichemshia maji, anakaa kwenye kigoda na kunikanda. Ana mikono mizuri ya kukanda, na kila akiniwekea kitambaa cha moto natamani ardhi ipasuke initie ndani. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Hao waliosema hawajapita yangu.

Kabla hajawa wifi yangu alikuwa rafiki yangu, tukicheza timu moja ya mpira wa kikapu hapa Morogoro mjini. Uwanja wetu ulikuwa wa saruji iliyopasuka katikati, na ringi moja ilikuwa imeinama. Mawingu yakishuka Uluguru tulijua mazoezi yanakaribia kuisha, maana saruji ile ikilowa inateleza vibaya. Kocha alikuwa mwalimu wa hesabu. Kila mtupo aliuandika kwenye daftari, nani katupa, umeingia au haukuingia, na baada ya mechi anapiga asilimia ya kila mtu na kuibandika ukutani. Ukilalamika anakujibu, "Namba hazina mjomba."

Tangu karatasi ile ianze kubandikwa, wengi wetu tuliuogopa mpira, na mwoga wa kwanza nilikuwa mimi. Kwa kuwa ni mrefu, nilisimama chini ya ringi nikingoja mpira uliogonga ukarudi, nausukuma ndani. Nikiwa mbali situpi. Nikiwa na mtu mbele yangu situpi. Kwa mechi nzima natupa mara tano, nne zinaingia. Rafiki yangu alitupa mara ishirini, zikaingia saba, siku njema nane. Alikabwa na watu wawili kila alipogeuka, kwa sababu wapinzani walikuwa na macho na walijua nani anawaumiza. Mimi hawakujisumbua nami. Ukihesabu pointi, yeye ndiye aliyekuwa anatulisha. Ukisoma ukuta, mimi ni malkia na yeye ni mharibifu wa mipira.

Na kuna jambo ukuta haukulijua. Timu yenye mpira inapewa sekunde ishirini na nne iwe imetupa, la sivyo inanyang'anywa. Sisi hatukuwa na saa ya kuonyesha, kwa hiyo mtu wa mezani alizihesabu tano za mwisho kwa sauti: tano, nne, tatu, mbili, moja. Mpira ukikukuta mkononi wakati huo huna ujanja. Utatupa kutoka popote ulipo, na ukikosa linaandikwa jina lako. Mimi nikisikia "tatu" nilimtafuta yeye. Kwenye "mbili" mpira ulikuwa mikononi mwake. Watazamaji walinisifu kwamba sina uchoyo. Kumbe nilikuwa nafagia uwanja wangu na kumwagia taka uani kwake.

Hakuwahi kuukataa hata mmoja. Alitupa akiwa amejipinda, akiwa ameshikwa mkono, akiwa nusu uwanja. Mwingine uliingia, mingi haikuingia, na kocha aliandika.

Halafu ikaja nafasi. Taasisi moja ya Dar es Salaam iliyokuwa na timu ya wanawake ilitaka mchezaji mmoja kutoka kwetu, na atakayekwenda angepewa ajira pia. Tulikuwa tumemaliza shule, tunakaa nyumbani kufukuza kuku. Rafiki yangu alikuwa ameshamwambia mama yake, aliyekuwa akiuza ndizi za Matombo sokoni, kwamba siku za kukaa juani zinakwisha. Kila mtu alijua ni yeye. Kocha akafungua daftari, akanakili asilimia zetu, akaniita mimi. Nilipaswa kusema, Mwalimu, hebu tazama ile mipira yake ya mwisho ilitoka kwa nani. Nilisema asante.

Yeye ndiye aliyenisaidia kufunga begi.

Dar karatasi ilinitangulia. Kocha wa kule alisoma ile asilimia yangu akaona ameokota dhahabu. "Mpeni mpira!" Ndiyo kauli niliyoisikia mwaka mzima. Wakanipa. Wakanipa nikiwa mbali, wakanipa nikiwa na watu wawili wamening'ang'ania, na saa yao ya taa nyekundu ikishuka, kila niliyemtafuta nimtupie alikuwa amesimama ananitazama mimi. Nilikosa nikakosa tena. Sikuweza kusema kwamba sijui kutupa, kwa kuwa karatasi ilisema najua. Niliishi ndani ya namba ile kama panya aliyetumbukia kwenye debe: ukuta laini pande zote, na mwenyewe ndiye niliyeingia nikifuata pumba. Msimu wa pili nikawa wa benchi. Baada ya hapo hawakunihitaji.

Nikarudi. Kaka yangu, ambaye alikuwa amemwoa rafiki yangu na kuhamia naye Mlali kulima nyanya, akaniuliza, mkewe akisikia, kwa nini nimerudi. Nikasema goti. Wifi akainuka palepale kwenda kuchemsha maji.

Jumamosi moja mwaka huu nilikuwa kwenye kile kiti changu. Binti yao wa kidato cha pili akaingia na jasho la mazoezi, simu ya baba yake mkononi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Ona!" Alikuwa amepiga picha daftari la kocha wao. "Nimetupa tano, nne ndani. Hakuna aliyenifikia. Baba anasema na wewe ulikuwa hukosi. Nifundishe ulivyokuwa unafanya."

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye goti. Nilitaka kusema kama kawaida, ningekufundisha lakini unaona hali yangu. Badala yake nikamuuliza, "Mnahesabiwa sekunde?"

"Eeh, wa mezani anahesabu."

"Zikifika tatu, na mpira uko kwako?"

Akacheka. Kicheko kile nilikijua. "Nampa mwenzangu mmoja hivi. Yule hajali kukosa."

Wifi alikuwa anachambua matembele mlangoni. Hakuinua uso. "Mwambie, wifi."

"Nimwambie nini?"

"Huo mpira wa mbili."

Nikamgeukia. "Ulijua?"

"Ile hesabu nilikuwa naisikia kama wewe."

"Sasa mbona ulikuwa unaupokea?"

"Ningeuacha udondoke? Si ilikuwa lazima mtu atupe?" Akatupa kikonyo pembeni, akachukua kingine. "Na hilo goti nalijua. Nimelikanda miaka yote hii, nisilijue?"

Aibu niliyoiona sina cha kuifananisha nayo. Nilitaka kuondoka, na bodaboda niliyoiagiza haikuwa imefika. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kusema.

"Niseme nionekane nina kinyongo cha aliyeachwa? Hata huyu nikimwambia mimi ataona hivyohivyo. Mwambie wewe uliyechukuliwa."

Mtoto alikuwa anatutazama kwa zamu, simu bado mkononi, ile nne kwa tano yake inang'aa. "Jamani, mnaongelea mpira gani?"

Nikaondoa mkono kwenye goti.

"Huyo mwenzako anajali," nikamwambia. "Mama yako alikuwa anajali."