Alama Nilizozifunika kwa Sanda

Nimekosa, jamani. Wala sikuteleza, maana nilichokiona nilikijua vizuri, nikakifunika kwa mikono yangu mwenyewe. Jina langu mniachie, mkisoma mtaelewa kwa nini.

Ninakaa Ipagala, hapa Dodoma mjini. Asubuhi nauza vitumbua, na nikihitajika naenda kwenye kituo cha Kiislamu cha mtaani kwetu. Pale kuna darasa la cherehani kwa mabinti, kuna daktari anayekuja Jumamosi kupima watu bure, na tupo sisi akina mama tunaoosha maiti wa kike. Nimeosha miaka tisa, wenye ndugu na wasio na ndugu.

Jambo la kwanza tunalofundishwa ni kusitiri. Ulichokiona kwenye mwili wa maiti unakiacha pale pale. Awe na kidonda, awe na kovu, awe amebadilika rangi, hutoki nje ukasimulia. Mimi nina mdomo, majirani wote wanajua, lakini kwa hilo sikuwahi kukosea. Nilikuwa najivunia kabisa!

Basi mchana mmoja tukaitwa nyumbani kwa marehemu mmoja, mwanamke kijana. Kwao ni Kibakwe, kule Mpwapwa. Ndugu zake ni Wakristo, yeye alisilimu alipoolewa. Mumewe alisema ameanguka bafuni. Alitaka azikwe alasiri ile ile, ndugu wasisubiriwe. Dini yetu inahimiza kuharakisha mazishi, kwa hiyo hatukuona ubaya, hata tukamsifu.

Tulikuwa wawili. Ustadha wetu, kiongozi wa akina mama pale kituoni, alikuwa anamimina maji, mimi niko upande wa kichwa. Kafuri ya kutia kwenye maji ya mwisho ilikuwa imesahaulika, akatoka kuiulizia. Nikageuza shingo ya yule binti ili nioshe nyuma ya sikio.

Yarabi! Vidole. Alama za vidole, vinne upande huu na kimoja upande wa pili, zimegeuka rangi ya zambarau. Mtu haanguki bafuni akajikaba mwenyewe.

Nikajiambia, sitiri. Nikajiambia labda ni ugonjwa, labda ni mkufu ulimbana. Uongo mtupu! Niliogopa. Ustadha aliporudi nilikuwa nimeshailaza shingo na kuvuta shuka hadi kidevuni.

"Mbona unatetemeka?" akaniuliza.

"Maji ya baridi, Ustadha."

Tukamvisha sanda. Nilipotoka, mume alikuwa amesimama mlangoni kabisa. Hakumuuliza Ustadha. Aliniuliza mimi: "Mama, kila kitu kiko sawa?"

"Kiko sawa, baba."

Akanitazama muda mrefu. Alijua kwamba nimeona. Na mimi nikajua kwamba amejua.

Kesho yake mama wa marehemu akafika, kaburi limeshafukiwa. Alielekezwa hadi kwangu, mtu mzima, vumbi la safari bado liko miguuni. Nikampa shikamoo. Akanishika mkono, hakuuachia.

"Wewe ndiye uliyemwosha mwanangu. Nieleze nisikie. Alikuwaje?"

"Alikuwa ametulia, mama. Hakuteseka."

Akanishukuru! Akaniombea na mimi watoto wangu wakue.

Tangu hapo yule bwana, mume wa marehemu, akawa mteja wangu. Kila asubuhi anakuja: "Shikamoo mama. Bado mnaosha?" Ananunua vitumbua viwili, anavila taratibu amesimama mbele yangu, kisha ananiaga kwa adabu zote. Hakuwahi kunitishia hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililonimaliza. Mafuta yalikuwa yananirukia mkononi nisiyasikie. Nikaanza kujifungia kwa makomeo mawili mchana kweupe. Mume wangu akauliza naogopa nini, nikasema vibaka.

Miezi ikapita. Ijumaa moja ikatangazwa ndoa pale kituoni. Bwana harusi ni yeye! Bibi harusi ni binti wa darasa la cherehani, mcheshi yule, akianza kucheka cherehani zote zinasimama. Nilikuwa na wiki mbili za kusema. Mara tatu nilifika mlangoni kwa Ustadha, na mara ya tatu nikamkuta yule bwana ameketi ndani, amekuja kupanga shughuli. Akanikaribisha yeye! Nikasema nilikuwa napita tu. Pilau ya harusi nilipika mimi, jamani, na vigelegele nikapiga.

Haikuchukua muda. Yule binti akaja darasani amejifunga ushungi kwa nguvu hadi chini ya kidevu, jua la Oktoba linawaka, wenzake wote wanajipepea. Hacheki. Alipoinama kuokota mkasi ushungi ukavutika. Zilikuwa alama zile zile.

Safari hii miguu ilinipeleka yenyewe. Nilimweleza Ustadha kila kitu. Hakupandisha sauti. Alikaa chini kwenye mkeka, akashika kichwa.

"Nani alikufundisha hivyo? Tunasitiri aibu ya maiti. Yule marehemu alikuwa na aibu gani? Wewe umemsitiri aliyemkaba!"

Siku ile ile yeye na imamu wakatupeleka, mimi na binti, polisi kwenye dawati la jinsia. Binti yuko hai, Alhamdulillah. Anaishi kwa shangazi yake, sisemi wapi. Lakini mimba aliyokuwa nayo imetoka, na sauti yake hadi leo inakwaruza. Lawama za hayo ni zangu. Ningesema ile siku ya kwanza, asingeolewa naye.

Kisha tukaambiwa kaburi la marehemu litafukuliwa, na mama yake lazima ajulishwe. Ustadha alitaka kupiga simu yeye, nikakataa. Nikapiga Kibakwe mwenyewe, nikaeleza huku nalia.

Nilipomaliza akauliza, "Siku ile nilipokuja kwako, ulikuwa umeshaona?"

"Nilikuwa nimeona, mama."

Afadhali angenilaani! Alisema tu, "Huyu mtu amekuja kwangu mara mbili baada ya msiba. Nimempikia. Nimemwita mwanangu." Akakata simu.

Yule bwana yuko nje kwa dhamana kwa kesi ya kumpiga binti; ya mauaji inasubiri kaburi lifukuliwe. Vitumbua nimeacha kuuza. Naandika haya mlango umefungwa, na pikipiki ikipunguza mwendo hapo nje naacha kalamu nikidhani ni yeye.

Dada zangu mnaoosha, popote mlipo, nawaomba. Kovu lake, ugonjwa wake, siri ya mwili wake, sitirini. Lakini ukiona mkono wa mtu umepita pale, usivute shuka! Acha maji, toka nje, mwite kiongozi wako, na jeneza lisibebwe. Usisubiri hofu iondoke kwanza. Mimi niliisubiri, na mpaka leo haijaondoka. Sema hivyo hivyo huku unatetemeka.

Jumatatu kaburi linafukuliwa, nasi tunakwenda. Mama wa marehemu ametuma ujumbe kwamba anataka nisimame pembeni yake, na nisigeuze macho.