Zamu za Jua la Guleid

Msiniulize tena habari za sola. Mimi Abdiqani, fundi wa redio hapa Habaswein, ndiye niliyeifunga ile paneli juu ya bati la mzee Guleid mwaka wa tisini na tatu, na mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Guleid alikuwa mfugaji wa ngamia, mtu mpole mpaka anakera. Binti yake Barwaqo aliolewa Kismayu, na vita vilipolipuka akapotea yeye na watoto wake wawili. Miaka miwili, kimya. Sasa, kila Alhamisi baada ya magharibi kulikuwa na kipindi cha kutafutana redioni: wanasoma jina la anayetafuta, la anayetafutwa, na mahali alipo. Guleid aliapa hatakosa hata jina moja. Betri za tochi zinaisha katikati ya orodha, akasema, lakini jua haliishi. Akauza ngamia jike wawili, akashuka Garissa, akarudi na betri ya lori iliyochoka na paneli aliyoifunika mkeka kama bibi harusi.

"Adeer," nikamwambia kwa heshima, kama tunavyowaita wazee wetu, "paneli hii ni ndogo. Betri kubwa hivi inataka jua la siku tano au sita ndiyo ijae. Na jua likishatua, hiki ni kioo tu. Ukiigawa kwa watu utakiona cha mtema kuni."

"Inshallah," akajibu. Basi nikajua hajanisikia.

Wiki haijaisha, jamaa wakaanza kuleta betri walizong'oa kwenye malori mabovu, wajaziwe. Guleid akasitasita. Binamu yake Abdille, mwenye mdomo kuliko kimo, akapiga kelele sokoni: "Jua ni la Mungu! Guleid amelifungia kwake?" Ikawa kesi. Wazee wakakaa siku mbili, mbuzi watatu wakaliwa, wanajadili kama sola ni dimbwi la mvua au ni kisima. Dimbwi la mvua ni la wote. Kisima ni cha aliyekichimba, ila majirani wana zamu zao, na msafiri hanyimwi.

Wakaamua ni kisima. Nikashangilia, mjinga mimi, nikidhani Guleid ameshinda. Kumbe zamu! Nyumba saba, kila nyumba siku yake, na mwenye mali akapewa Ijumaa.

Nikasimama. "Wazee wangu, betri si ngamia. Ngamia akinywa siku moja, anakaa wiki nzima. Betri hizi kuukuu zikinywa siku moja, zinalowa midomo tu."

"Keti, fundi," akasema Abdille. "Wewe umewahi kuchimba kisima?"

Nikaketi. Ningefanya nini?

Ikawa kila betri inafungwa asubuhi, inafunguliwa jioni, haijashiba. Haki ilitendeka bila dosari, umeme ndio haukuonekana. Watu walitundika taa za mbele za lori ndani ya nyumba zao, wakapata mwanga wa kupofusha kwa muda wa kula tambi, kisha giza. Akaja hata mtu kutoka Griftu na betri begani. Msafiri hanyimwi! Akapewa Ijumaa ya Guleid, akashukuru, akarudi wiki iliyofuata na ndugu yake. Na kwa kuwa jua ni la bure, hakuna aliyenunua tena betri za tochi, mwenye duka naye akaacha kuzileta. Redio za Habaswein zikanyamaza moja baada ya nyingine, zinangoja sola.

Na Alhamisi? Guleid alikaa mbele ya redio yake, betri yake imekaa siku sita bila kuonja jua. Majina kumi, kumi na mawili, sauti ikazama, ikafa. Yeye bado ameegemeza sikio. Nilimwonea uchungu, wallahi.

"Adeer, omba angalau upewe Jumatano na Alhamisi."

"Siku za kisima hazibadilishwi," akasema. "Nikivunja zamu nitaitwa nani?"

Mwaka mzima alivumilia upuuzi huo, na mimi nikamfokea mwaka mzima.

Siku moja akaja kwangu Qabale, mama wa Kiborana anayeuza maziwa, na karedio kake kamekatika waya. Nikafungua, nikakuta betri za tochi zimefifia rangi. Nikamuuliza anazipata wapi. Akacheka. Ni zile zile za zamani, akasema. Yeye hana zamu kwa sola ya Wasomali, basi huzianika juu ya bati mchana kutwa, zinapata nguvu ya robo saa, inamtosha.

"Basi unasikia majina ya Alhamisi?"

"Nasikia. Hata yule binti wa Guleid wamemtaja mara nne. Yuko Dagahaley, kwenye kambi."

Bisibisi ikanidondoka. Dagahaley! Hapo chini tu, lori la mbuzi linafika kabla ya adhuhuri.

"Mama Qabale, mbona hukumwambia mzee?"

Akanitazama kama mwendawazimu. "Nimpelekee habari mwenye sola? Si yeye ndiye husikia kwanza?"

Tukapanda lori asubuhi yake, mimi na Guleid. Tukamkuta Barwaqo kwenye foleni ya maji, mtoto mmoja mgongoni. Wa pili alizikwa njiani. Hakukimbilia kumkumbatia babake. Aliweka mtungi chini.

"Nimekutangaza mara nne, aabo," alisema. "Watu wa Habaswein wanaopita hapa waliniambia umefunga sola nyumbani, hukosi kipindi, hakuna haja ya kukupelekea habari. Nikajua umenisikia, hunitaki."

Guleid alikaa chini mchangani, mbele ya ile foleni yote, akalia kwa sauti.