Ujumbe wa Surua

Muuguzi wa kuzuia maambukizi hospitalini kwetu Saskatoon huandika ujumbe kwa kidole kimoja, kisha huusoma kwa sauti, na neno linalomkwaza ulimi hulifuta. Wakati wa mlipuko wa surua, programu yake ya kutuma ujumbe ililia kwenye simu zetu sote, naye alikaa akitazama majina ya waliosoma yakigeuka kijani, chai ikipoa, miwani ikimteleza puani. Jumanne moja jina moja lilibaki jekundu. Akainuka, akamfuata Dokta Petryshyn mpaka kantini, akamkuta anakunywa supu ya viazi. “Dokta, ujumbe wangu hujausoma.” “Nimesoma kichwa chake, dada. Hiyo programu yako inalia kuliko watoto wa wodini.” “Basi soma na tumbo lake. Nakusubiri.” Dokta akasoma, kijiko kikaganda hewani. Mtoto aliyemtibu wiki iliyopita alikuwa na surua. “Nami nilikuwa naelekea kwa watoto njiti sasa hivi,” alisema polepole. Muuguzi akampa barakoa na kumpeleka kupimwa damu kuona kama ana kinga, bila kumsimanga.

Hakuna mtoto njiti aliyeugua. Surua ilipokwisha, muuguzi alituandikia: “Mgonjwa wa mwisho ameruhusiwa. Keki iko kantini.” Alipofika mwenyewe, sahani ilikuwa na makombo tu, na Dokta Petryshyn alikuwa anajipangusa mdomo. Muuguzi alicheka mpaka akashika meza. “Kumbe mnajua kusoma haraka hivi!”