Gari Lililotupeleka Kuposa kwa Pasta

Haya, kwa vile mmekuwa mkiisikia vipande vipande kutoka kwa watu wa Ndhiwa, na kila mmoja anaongeza chumvi yake, wacha niwasimulie mwenyewe, ingawa hadi leo nikipita ile barabara huwa natazama upande mwingine kwa aibu.

Wiki moja kabla ya safari hiyo ya posa nilikuwa nimegonga trekta ya miwa kwa nyuma (ilisimama ghafla, lakini na mimi nilikuwa nimeisogelea kama mtu anayetaka kusoma namba zake). Hakuna aliyeumia. Fundi wa bodi pale Migori akanyoosha bampa, akapiga rangi, akaniambia niende Homa Bay kwa wenye mashine wanipimie magurudumu ya mbele, maana gari lilikuwa linavuta kushoto. Mume wangu naye akasema hivyo hivyo. Lakini mimi ni mwalimu wa fizikia, jamani. Niliona hayo ni mambo ya pembe na mistari tu, vitu ninavyofundisha kila siku, basi nikanunua uzi wa kuvulia samaki, nikauvuta kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, nikaingia chini ya gari na spana, nikalegeza huku, nikakaza kule, nikatoka nimejaa vumbi na kiburi. Nikalizungusha polepole uwanjani pa shule. Likaenda sawa.

Jumamosi ilikuwa siku ya kwenda kumposea mdogo wangu Ouma, mbele kidogo ya Ndhiwa, na kwa kuwa ni mimi na Ouma tu tuliowahi kufika huko, na Ouma hajui kuendesha, nikatangulia mimi, magari matatu nyuma yangu. Kando yangu alikaa Baba Mdogo, msemaji wetu, ndani ya suti ya kijivu, macho yake siku hizi hayaoni mbali. Tulipoongeza mwendo kwenye lami usukani ukaanza kutetemeka, na ili gari liende mbele ilibidi niukate kulia kwa nguvu zote, kama mtu anayesonga ugali wa matanga.

"Nyathina," Baba Mdogo akaniuliza, "mtoto wangu, hili gari limekunywa nini?"

Nikamwambia ni upepo.

Tukaacha lami, tukaingia barabara ya vumbi, na pale tulipotakiwa kupinda kulia kwenda kwa wakwe, gurudumu likapiga shimo, usukani ukaniponyoka, gari likashika kushoto, likapita geti lililokuwa wazi na kusimama mbele ya hema jeupe. Magari matatu yakanifuata kwa utii. Baba Mdogo akauliza kama ndipo. Hapo ningesema ukweli yangeisha, lakini niliona haya kukiri kwamba gari limejiingiza lenyewe.

"Ndipo," nikasema.

Nilipanga nishuke, niwanong'oneze madereva warudi nyuma polepole. Hata mlango sijafunga, akina mama wenye sare wakatufikia wakiimba (walikuwa wanangoja wageni wa kanisa kutoka Sori, hilo nilikuja kulijua baadaye), wakabeba soda zetu, sukari yetu na kuku wetu wote wanne mpaka jikoni. Ouma, aliyekuwa gari la mwisho, alikuwa ananitafuta kwa macho, na mimi nimejificha nyuma ya mama mmoja mnene. Nilipomfikia Baba Mdogo alikuwa ameshakaribishwa kiti cha mbele, ameshasimama, ameshaanza kueleza kwa sauti ya kengele kwamba tumetoka mbali, na kwamba kijana wetu ameona binti mzuri katika boma hili.

Mwenye boma, pasta mpole wa makamo, akakohoa. "Mzee, karibuni sana," akasema. "Ila hapa mwanamke asiye na mume ni mama yangu, na ana miaka themanini na mbili."

Bibi mwenyewe alikuwa amekaa pembeni na fimbo yake. Akainua mkono.

"Waacheni wamalize," akasema. "Nataka kusikia."

Hema lilicheka mpaka kamba zikatikisika. Ikabidi nisimame mbele ya watu wote na kueleza habari ya uzi, spana na fizikia, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyozidi kucheka. Mwanakwaya mmoja aliyekuwa fundi akainama mbele ya gari langu, akatazama, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, magurudumu yako yamepeana mgongo kama watu waliokosana." Akanikataza katakata kuliendesha.

Basi nilifika kwa wakwe nyuma ya pikapu moja ya msafara wetu, katikati ya kreti za soda, saa mbili baada ya wakati, na kuku watatu (wa nne alikuwa ameshaingia sufuriani). Nilidhani uchumba umekufa na nimeuua mimi. Ouma hakuwa amenisemesha njia nzima. Kumbe habari ilishatutangulia. Mama wa msichana alinishika mikono miwili, machozi ya kicheko yanamtoka, akaniuliza kama mama yake pasta amekubali. Hata Ouma akacheka, na siku hiyo hatukunyimwa kitu.

Gari lilivutwa hadi Homa Bay, likapimwa, likanyooka. Na siku hizi likinguruma kidogo tu nalipeleka huko, nakaa kwenye benchi nje na wateja wengine, na fundi akiniuliza nadhani tatizo ni nini, namwambia sijui.